Piko Haina Raba

Umeniuliza chuo.
Sina chuo.
Nilikuwa na shangazi, Bi Mwanamkuu wa Langoni,
mguu wa bi harusi pajani mwake,
chelewa mkononi,
na mimi, miaka tisa, nimemshikia kibakuli.
"Usitikise," alisema, "piko haina raba."
Siku moja akapiga chafya.
Mstari ukakimbia hadi kisiginoni,
bi harusi akaziba kinywa.
Shangazi hakusema pole.
Aliutazama mstari ule
kama mtu anayetazama mgeni asiyebisha hodi,
kisha akauotesha majani.
Harusi iliyofuata, na ya tatu yake,
wote waliutaka mguu wenye chafya.

Huyo mmoja.

Mwingine ni ukuta wa choo chetu,
upande wa birika,
pale chumvi inapotoka kwenye matumbawe
na kuibandua chokaa kidogo kidogo.
Nilikaa mle mpaka kaka zangu wakapiga mlango kwa mateke.
Niliona ngamia.
Niliona ramani ya nchi isiyo na askari.
Masika yakija, ngamia akawa mwanamke anayechuja tui,
wala hakuna aliyemlaumu ukuta
kwa kutomaliza alichoanza.

Na Bwanadi, mpaka rangi mikokoteni,
nimtaje ingawa atacheka.
Aliniuzia masazo ya mikebe,
shilingi ishirini, bila kufungua kifuniko.
Ndivyo nilivyochagua rangi: sikuchagua.
Mwaka aliopata kazi ya malango ya shule
picha zangu zote zilikuwa kijani,
hata mwezi,
hata uso wa mama.

Namna ninavyofanya?
Gunia la unga nalifumua mshono,
nalichemsha, nalianika darini.
Maandishi hayatoki yote.
KILO TISINI hubaki, kwa mbali, chini ya anga.
Sichori kwanza.
Namwaga kahawa tungu iliyolala,
nasubiri ikauke
ndipo nijue ni nani aliyekuja.
Siku nyingine haji mtu.
Naligeuza, natia buluu ya kufulia,
naburuta kumbi la nazi toka pembe hadi pembe,
nanyamaza.
Mkono ukijifanya unajua, naubadilisha,
nashika kwa wa kushoto,
ule mjinga, usiokumbuka sifa.

Juzi punda wa kina Famau
alipita kichochoroni na mchanga wa ujenzi
akasugua ubavu kwenye rangi mbichi.
Nywele zipo mpaka leo, juu kulia.
Nilimpa maganda ya tikiti.

Mwenye nyumba ya wageni kule Shela
akaipenda ile ya nywele.
Akataka sita, zifanane, vyumba sita.
Alitoa arubuni.
Nilijaribu, Mungu shahidi.
Magunia sita sakafuni,
kahawa nikaipima kwa kijiko,
punda nikamkodi, yule yule.
Akagoma kupita.
Alisimama, akatafuna pembe ya gunia la nne,
akanitazama.
Arubuni niliirudisha
pungufu ya shilingi mia tatu,
ujira wa punda.

Lile lililotafunwa ninalo.
Nimelitundika chumbani kwa shangazi,
ambaye macho yake sasa yana ukungu
na picha huzitazama kwa vidole.
Jana alipita polepole juu ya rangi,
juu ya kumbi, juu ya chumvi niliyoitia makusudi,
akafika kwenye mkunjo.
"Hapa ulikosea."
Nikasema ndiyo.
"Ukafanyaje?"
Nikamwambia bado.
Bado sijafanya kitu.
Akacheka kidogo,
na kidole hakukiondoa.